Kutoka Zizini Hadi Porini: Maswali ya Wasomaji Wadogo Kuhusu Wanyama

Wasomaji wadogo waliotuandikia safari hii wameuliza kuhusu wanyama wa zizini na wa mbugani kwa pamoja, nasi tumeona tusiwatenganishe, kwa sababu mara nyingi ng'ombe au kuku aliyepo uani ndiye anayetusaidia kumwelewa mnyama ambaye mtoto hajawahi kumwona. Barua ndefu tumezifupisha bila kugusa swali lenyewe.

Swali: Shikamoo mhariri. Usiku nikipita karibu na zizi namsikia ng'ombe wetu akitafuna, ilhali hakuna majani aliyowekewa. Anatafuna nini? (Msomaji wa darasa la nne, Njombe)

Jibu: Marahaba. Ng'ombe wenu anacheua, yaani anatafuna kwa mara ya pili majani aliyoyala mchana. Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu; mahali pake pana ufizi mgumu. Kwa hiyo anapokuwa malishoni huyazungushia majani ulimi, huyavuta, huyakata kwa kuyabana kati ya meno ya chini na ufizi huo, kisha huyameza yakiwa bado hayajasagika vizuri. Majani hayo huingia katika chumba cha kwanza cha tumbo lake lenye vyumba vinne, na kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa chumba hicho peke yake kinaweza kubeba zaidi ya lita 100. Humo ndimo wanamoishi bakteria na viumbe wengine wadogo wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaozivunjavunja nyuzi ngumu za majani ambazo ng'ombe mwenyewe, kama sisi, asingeziweza. Akishatulia, hasa akiwa amelala chini, huyarudisha majani kinywani donge baada ya donge, akayasaga kwa magego na kuyalainisha kwa mate mengi sana.

Jioni mtazame shingoni kwa makini. Utaona donge likipanda kutoka chini kuelekea kinywani, halafu taya zitaanza kwenda upande upande, mara 40 hadi 60 hivi, kisha atameza, atanyamaza kwa sekunde chache, na donge jingine litapanda. Kama mzazi yupo na ng'ombe ni mpole, weka kiganja kwenye bonde lililo nyuma ya mbavu upande wa kushoto: utahisi tumbo likijikunja na kujisukuma polepole, mara moja hadi tatu kwa dakika. Wataalamu wa mifugo humpima ng'ombe kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa kuacha kucheua ni miongoni mwa dalili za mapema kwamba mnyama anaumwa.

Mbuzi, kondoo, nyati, nyumbu, swala na twiga nao hucheua. Kwa mnyama anayewindwa jambo hili lina faida kubwa, maana anaweza kujaza tumbo haraka pale penye majani mazuri, kisha akaenda kusaga chakula chake mahali ambapo simba ataonekana mapema. Punda, punda milia na tembo hawacheui kabisa. Chakula chao huchachuka karibu na mwisho wa safari, ndani ya utumbo mpana, na ndiyo sababu kinyesi cha punda kina nyuzi za majani zinazoonekana wazi, ilhali cha ng'ombe ni laini. Tembo amewazidi wote: mwili wake haufaidi hata nusu ya chakula anachokula, kwa hiyo hulazimika kula karibu kutwa nzima, na mbegu nyingi alizozimeza hutoka zikiwa nzima, zikaota mbali na mti uliozizaa.

Swali: Kuku hana meno, lakini humeza mahindi makavu, na nimemwona akiokota hata vijiwe. Hatadhurika? (Msomaji wa Gredi ya 3, Mombasa)

Jibu: Hatadhurika, kwa maana vijiwe hivyo ndivyo meno yake. Punje hukaa kwanza katika mfuko ulio chini ya shingo, ule unaovimba jioni kuku akiwa ameshiba, zikalowa na kulainika. Baadaye hushuka hadi kwenye firigisi. Siku kuku atakapochinjwa nyumbani, omba uione firigisi ikipasuliwa. Nyama yake ni nene na ngumu kuliko ya maini au moyo, ndani ina ngozi ya manjano yenye mikunjo ambayo hubanduliwa kabla ya kupika, na katikati utakuta changarawe zilizosuguana mpaka zikapoteza makali yake, zimechanganyika na mahindi yaliyopondeka. Kuku anayefungiwa bandani moja kwa moja na kulishwa punje nzima hana budi kuwekewa changarawe, lakini anayekula chakula kilichokwisha kusagwa hazihitaji sana.

Mbuni naye humeza mawe, tena makubwa kulingana na umbo lake. Mamba pia hukutwa na mawe tumboni ingawa ana meno mengi, kwa kuwa meno yake ni ya kushika na kurarua, si ya kusaga.

Swali: Babu anasema punda milia ana milia ili kumchanganya simba. Mwalimu anasema ni kwa ajili ya joto. Yupi yuko sahihi? (Msomaji wa darasa la sita, Arusha)

Jibu: Babu na mwalimu wote wawili wanasema mambo ambayo wataalamu nao wameyasema kwa miaka mingi, kwa hiyo usimcheke yeyote. Hata hivyo, ushahidi uliopatikana katika miaka ya karibuni unaelekea upande mwingine kabisa: milia humkinga punda milia dhidi ya inzi wanaouma.

Tuanze na simba. Macho yake hayaoni vitu vidogo vya mbali kwa ukali kama ya binadamu, na giza likianza kuingia, milia ya punda aliye mbali humchanganyikia ikawa rangi moja ya kijivu. Akiwa karibu kiasi cha kuitofautisha milia, huenda amekwisha kumsikia na kumnusa. Tena punda milia ni miongoni mwa wanyama ambao simba huwala mara kwa mara, jambo linaloonyesha kwamba hachanganyikiwi kiasi hicho.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika nchini Uingereza, katika shamba lenye farasi na punda milia wanaofugwa. Farasi walivishwa mavazi ya aina tatu, meupe, meusi na yenye milia, na inzi waliokuwa wakiwajia wakarekodiwa kwa kamera. Inzi walimkaribia kila mnyama kwa kiasi kilekile, lakini walipofika kwenye milia hawakupunguza mwendo kama inavyotakiwa ili kutua. Wengine walipita, wengine wakajigonga na kuruka tena. Kichwani, ambako farasi hawakuvishwa kitu, inzi walitua kama kawaida. Mwaka huohuo watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyowachora ng'ombe weusi milia myeupe kwa rangi, wakaona inzi waliowatua wamepungua kwa takriban nusu. Sisi tunalipenda zaidi jaribio hilo la pili, kwa sababu mfugaji yeyote anaweza kulielewa bila kuwa na maabara.

Inzi wana uzito gani hata mwili mzima uchorwe kwa ajili yao? Katika nchi zetu mbung'o hueneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, na punda milia ana manyoya mafupi yasiyoweza kuuzuia mdomo wa inzi kufika kwenye ngozi. Ukitembelea Tarangire au Serengeti utaona vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vimetundikwa kando ya barabara. Hiyo ni mitego ya mbung'o, ambao huvutwa na rangi hizo, na ndiyo sababu waongoza watalii huwashauri wageni wasivae nguo za buluu iliyokoza wala nyeusi.

Swali: Kwetu kuna shamba lililozungushiwa mizinga ya nyuki ili tembo wasiingie. Tembo ana ngozi nene, anaogopa nini? (Msomaji wa Gredi ya 5, Taita-Taveta)

Jibu: Ngozi ni nene mgongoni, lakini nyuki hufuata sehemu laini: kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Ua mliouona hutengenezwa kwa kutundika mizinga kwenye nguzo na kuiunganisha kwa waya, kila mzinga ukiwa umbali wa kama mita 10 kutoka kwa mwenzake. Tembo akiusukuma waya usiku, mizinga ya pande zote mbili hutikisika na nyuki hutoka wakiwa na hasira. Njia hii iliendelezwa nchini Kenya, na mashamba ya Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki, ni mfano unaojulikana sana.

Kabla ya hapo watafiti waliwasikilizisha tembo sauti ya nyuki iliyorekodiwa. Wengi waliondoka haraka bila kuumwa na nyuki hata mmoja, wakitikisa vichwa, wakijirushia vumbi na kutoa mngurumo wa chini ambao, uliporekodiwa na kuchezwa kwa makundi mengine, uliwafanya nao wasogee mbali. Tatizo huja wakati wa ukame mkali, maua yanapokosekana na nyuki kuhama, kwa sababu ua wenye mizinga mitupu hupungukiwa nguvu. Mwaka wenye mvua nzuri mwenye shamba huvuna mahindi, na asali juu yake.

Swali: Nikiliweka yai la dukani chini ya kuku anayeatamia, litatoa kifaranga? (Msomaji wa darasa la pili, Zanzibar)

Jibu: Kwa kawaida halitatoa, kwa sababu kuku wa mayai ya biashara hufugwa bila jogoo. Kuku hutaga hata pasipo jogoo, lakini yai hilo halina mbegu ya kifaranga. Yai lenye mbegu huatamiwa kwa siku 21, na mama hulipindua mara nyingi kila siku ili kifaranga asigande upande mmoja wa ganda. Siku ya kutoka, kifaranga hulipasua ganda kwa kijino kidogo kilicho kwenye ncha ya mdomo, ambacho hudondoka baada ya siku chache.

Mbuni huatamia kwa muda wa wiki sita hivi, na kwa zamu: jike mwenye rangi ya udongo hukaa mchana, dume mweusi hukaa usiku. Kiota chao ni shimo la kina kifupi ardhini, hivyo anayeinama kupindua mayai huonekana kwa mbali kama amefukia kichwa mchangani. Hajakifukia.

Swali: Twiga akiinama kunywa maji, kwa nini damu yote isimshukie kichwani akaanguka? (Msomaji wa darasa la tano, Dodoma)

Jibu: Moyo wa twiga una uzito wa kilo 11 hivi na husukuma damu kwa nguvu karibu mara mbili ya moyo wa binadamu, maana lazima damu ipande shingo ndefu hadi kwenye ubongo. Akiinama, vali zilizo katika mishipa ya shingo huizuia damu inayorudi moyoni isirudi tena kichwani, na wavu wa mishipa midogo ulio chini ya ubongo hupunguza kishindo. Kwa kuongezea, ngozi ya miguu yake imebana sana, hivyo damu haijazani chini. Shingo yenyewe ina mifupa saba tu, sawa na yako na ya panya. Urefu umetoka kwenye kila mfupa. Pamoja na hayo yote hapendi kuinama mara kwa mara, kwa sababu akitanua miguu ya mbele mtoni huwa rahisi kushambuliwa, na majani ya migunga humpatia sehemu kubwa ya maji anayoyahitaji.

Swali: Dada yangu anayesoma sekondari amesema pimbi ni ndugu wa tembo. Ananitania? (Msomaji wa darasa la nne, Mwanza)

Jibu: Hakutanii. Pimbi ana uzito wa kilo chache tu na kwa sura anafanana na sungura asiye na masikio marefu, lakini meno yake mawili ya mbele ya juu hayaachi kukua, kama pembe za tembo, ambazo nazo ni meno ya mbele ya juu. Vidole vyake vingi vina kucha bapa zinazofanana na kwato ndogo, si makucha kama ya paka. Mimba yake huchukua zaidi ya miezi saba, ilhali paka, ambaye wanakaribiana kwa uzito, hubeba miezi miwili tu. Watoto wa pimbi huzaliwa wamefumbua macho na wana manyoya tayari. Tembo, kama unavyojua, hubeba mimba kwa miezi 22.

Ndugu yao wa tatu yupo baharini, naye ni nguva, anayekula majani yaotayo chini ya maji katika maeneo kama Rufiji na Mafia. Jike la nguva na la tembo wote wana matiti mawili kifuani, karibu na mapezi au miguu ya mbele, tofauti na ng'ombe ambaye kiwele chake kiko nyuma. Nguva ni adimu sana na huenda usimwone maishani, lakini pimbi mnao hapohapo: nendeni kisiwa cha Saanane asubuhi, wakati wanapoota jua juu ya majabali ili kupasha miili yao joto, na muwatazame miguu bila kuwasogelea, kwa sababu meno hayo tuliyoyataja huyatumia pia kuuma.