Maswali na majibu: Shingo moja, wataalamu watatu

Shikamoo daktari. Nabeba dagaa Mwaloni, Kirumba. Shingo inauma upande wa kushoto. Wa kwanza kasema msuli, wa pili pingili ya tano imekaza, wa tatu anataka nipigwe MRI, ile picha ya ndani ya mwili kwa sumaku. Nimwamini nani?

Marahaba. Huenda hakuna aliyekudanganya. Maumivu mengi ya shingo hayana chanzo kimoja cha kunyooshewa kidole, hivyo kila mtu hutaja kile alichozoea kukitafuta. Ila hilo la pingili ya tano lipokee kwa tahadhari. Wapapasaji wawili, shingo ileile, mara nyingi hutaja pingili tofauti. Hata kuzihesabu juu ya ngozi si kazi nyepesi. Huafikiana zaidi kwenye swali la "nikibonyeza hapa panauma?", maana hapo anayejibu ni wewe. MRI nayo huonyesha diski (vile vimto kati ya pingili) zilizochakaa hata kwa watu wasioumwa kabisa. Ukirudi, usiulize tu jina la ugonjwa. Uliza: "Umeona nini hadi ukasema hivyo?"

Nasoma fiziotherapia hapa Mwanza. Mimi na mwenzangu tulipima wagonjwa walewale, majibu yakalingana kwa asilimia 70. Msimamizi kasema bado. Kwani anataka nini?

Ana haki. Kama kila mmoja wenu husema "ndiyo" nusu ya mara, mngerusha sarafu tu mngelingana kwa asilimia 50. Kipimo cha kappa, alichokitunga Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa hiyo bahati: mmeizidi kwa 20 kati ya 50 zilizobaki, yaani 0.4. Si haba, lakini si ya kujivunia.

Angalieni mnavyopima. Chukua kipimo cha Spurling, cha kutafuta neva iliyobanwa shingoni: kichwa kinainamishwa upande unaouma, kisha kinakandamizwa kwenda chini. Maumivu yakishuka mkononi, ndiyo. Yakibaki shingoni? Mmoja anaandika ndiyo, mwingine hapana, na wote wameona kitu kilekile! Kubalianeni hilo kabla mgonjwa hajaingia. Kwenye kugeuza shingo, acheni kukadiria kwa macho, tumieni goniometa, kifaa cha kupimia nyuzi za kiungo. Mgonjwa aegemee kiti, mabega yasifuate kichwa. Na msichunguliane majibu. (Najua mnachunguliana.)

Mimi mwalimu, Ukerewe. Asubuhi shingo haigeuki. Nikavuka kwa kivuko, jioni daktari akaniona mzima. Nimeonekana mwongo.

Shingo iliyoonwa jioni si ile ya asubuhi. Mwambie ilivyokuwa ulipoamka, na kama ulimeza dawa ya maumivu kama diklofenaki njiani, sema. Mwonyeshe pia ulipokuwa unakwamia: kugeuka kuandika ubaoni, au kutazama nyuma kwenye baiskeli.

Ni lini nisisubiri maoni ya mtu wa pili? (Dereva wa bodaboda, Buhongwa)

Ukianguka na pikipiki kisha shingo ikauma, usisubiri. Vilevile mkono ukiishiwa nguvu, vidole vikishindwa kufunga vifungo vya shati, miguu ikiyumba au mkojo ukikataa kutii. Homa, kukonda na maumivu yasiyolala usiku navyo vichunguzwe mapema, kwani kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Nenda hospitali, na kabla ya hapo usimruhusu mtu yeyote akunyonge shingo "ili ilie".