Kabla Hujamlaumu Karani, Tazama Vitufe

Kijana mmoja wa Chake Chake kaniandikia juzi. Ametengeneza programu ya simu ya kununulia mwani, makarani wanakosea kila siku, naye anauliza awape mafunzo gani tena kwa vile "hawa watu hawajasoma". Mdogo wangu, neno hilo limenikera.

Mie nilifanya kazi na mnunuzi mmoja pwani ya mashariki ya Unguja. Kwenye simu ya karani palikuwa na vitufe viwili vya aina mbili za mwani, spinosum na kotonii, vimepakana, rangi moja, ukubwa mmoja. Kotonii ndiyo yenye bei. Karani anapima mapolo juani, kioo hakionekani vizuri, vidole vina majimaji ya chumvi, kina mama wamejipanga na kila mmoja ana haraka zake. Kidole kinaangukia spinosum. Mama kapunjwa, karani kakatwa mshahara. Niliposema vitufe ndivyo vyenye kosa, mkubwa wa ofisi alinicheka mbele ya watu. Kicheko kile sijakisahau.

Na jambo lenyewe ni la zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, marubani wa Marekani wa ndege za B-17 walikuwa wakishatua wanakunja magurudumu badala ya vibawa vidogo vya kusaidia kutua, ndege inalala tumbo. Lawama zote kwa rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaona swichi mbili zinafanana na zimekaa pamoja. Akabandika kigurudumu cha mpira kwenye moja na kabari kwenye nyingine, rubani akajua kwa kupapasa tu. Mwaka 1947 watafiti Paul Fitts na Richard Jones wakachambua visa 460 vilivyoitwa makosa ya marubani. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la kushika kidhibiti kimoja ukidhani ni kingine.

Nami nikavitenganisha vile vitufe vya mwani: kotonii juu, kipana, rangi ya machungwa, spinosum chini kabisa, kijani. Kabla ya risiti simu inataja aina na kilo kwa sauti, mama naye asikie, apinge palepale. Ugomvi wa mizani ukaisha. Karani yule alikuwa keshaondoka.

Basi neno "hawajasoma" liache. Nenda kituoni adhuhuri, kaa kimya, tazama mkono wa karani. Usimuulize kama ameelewa, atakwambia ndiyo kwa adabu. Kisha nitumie picha ya kioo kilivyo juani, na uniambie kidole chake kilikwenda wapi kwanza.