Joto ni ukwaju na mabungo, baridi ni birika la viungo

Asalaam alaykum mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza nyumbani kwetu tunatengeneza kinywaji gani wakati wa joto na kipi wakati wa baridi, na kama kuna mtu ndo kwanza anaanza tumfundishe kipi. Mimi mtu wa Wete, Pemba, nimeolewa Unguja na sasa nakaa Mpendae, na hili jambo la vinywaji nalipenda mno kwa hiyo mtanisamehe, jibu langu refu.

Kwetu kinywaji anakiamua upepo. Kaskazi ikishaanza kuvuma Disemba mpaka huko Machi joto linapanda nyuzi 32, 33, jua kali, nguo zinagandana na mwili toka asubuhi, hapo mtu anataka kitu chenye ukali wa kukata kiu na si utamu mtupu. Ikishapita masika upepo wa kusi ukashika tukaingia kipupwe, Juni, Julai, Agosti, ndo utaona watu wamejifunika shuka usiku na watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani na masweta, na wageni kutoka Ulaya wanashangaa kwa nini tunasema baridi, lakini mwili uliokulia kwenye kaskazi hiyo ndo baridi yake na kifua kinaisikia. Kwa hiyo vinywaji vyetu viko mafungu mawili, vya uchachu na vya viungo, na kama kuna jambo moja tu nataka watu walishike ni hili: vile vya joto usivipike, na hivi vya baridi usiviharakishe. Makosa mengi ninayoyaona majikoni yanatoka hapo. Mtu anachemsha ubuyu dakika ishirini alafu chai ya viungo anaitia maji ya moto kwenye kikombe anasema tayari.

Nianze na mabungo mana ndo roho yangu. Kwa asiyeyajua, bungo ni tunda la mtambaazi unaopanda juu ya miti huko maweni na msituni, tunda lenyewe duara, ganda gumu rangi ya chungwa likiwiva, na ukilipasua ndani unakuta kokwa nyingi zimevikwa nyama laini ya manjano iliyokoza, imejaa kamba kamba na haibanduki kirahisi. Harufu yake ukiipata sokoni Mwanakwerekwe unaijua kabla hujaliona tunda. Bungo bichi lina utomvu mweupe unaonata mikononi mpaka uusugue kwa mafuta, kwa hiyo chagua lililowiva sawasawa, ganda lisiwe na kijani. Ukishapasua unamimina kokwa zote kwenye bakuli unatia maji yaliyochemshwa yakapoa, unaziacha hata saa nzima zilainike, alafu unafikicha kwa mkono uliooshwa vizuri, unafikicha kweli kweli mpaka kokwa zinabaki nyeupe na maji yanageuka mazito ya rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Hapo unachuja. Sasa kuna wenzetu wanatia kila kitu kwenye blenda wanawasha wanaondoka, kokwa zinasagika zinatoa uchungu na juisi inakuwa na chenga, kisha wanasema mabungo si matamu. Kama mkono unauma na lazima utumie blenda basi iguse tu, washa zima washa zima, uchuje haraka. Sukari inakuja mwisho kabisa baada ya kuonja, mana bungo la mti huu si la mti ule, na chembe ya chumvi inasaidia kuliko kijiko kizima cha sukari.

Huwa naumia sana nikipita shamba nikaona mabungo yameoza chini alafu dukani hapo hapo watoto wanauziwa unga wa rangi kwenye pakiti wa kukorogea maji. Ule unga hauna tunda ndani yake, una rangi na ladha ya dukani, na bungo liko pale linaliwa na kima.

Ukwaju na ubuyu ni ndugu kwa utengenezaji, vyote unaroweka maji ya uvuguvugu, yani mkono unavumilia, unafikicha, unachuja. Ubuyu hasa usiuchemshe kabisa, umejaa vitamini C na moto unaiua, na pia ukichemka unakuwa mzito kama gundi. Jengine ambalo wengi hawaliangalii ni chombo, vitu vya uchachu msiviroweke kwenye sufuria za bati usiku kucha, ile asidi inakula chombo na kinywaji kinachukua ladha ya chuma, tumieni bakuli la kauri au la gilasi. Baada ya hapo mtu na kiungo chake, mimi ukwaju natia tangawizi iliyotwangwa na iliki kidogo, mama mkwe wangu lazima atie tone la lavani, yani vanila, na nyumba nyengine wanatia maji ya waridi, yote mazuri.

Madafu sina la kusema, dafu unalifungua unakunywa, atakayetia sukari kwenye dafu sijui niseme nae nini. Miwa nayo tuwaachie wenye mashine zao Forodhani na ndimu na tangawizi zao wanazozikamulia humo humo. Embe zikiwa nyingi, saga, chuja kama zina nyuzi, tia ndimu, basi.

Barafu je? Watu wanadhani bila friji hakuna kinywaji cha joto. Tuliokuwepo Unguja mwisho wa 2009 tunakumbuka laini ya umeme kutoka bara ilipoharibika Disemba tukakaa gizani mpaka Machi 2010, kaskazi tupu, na maji ya baridi tulikunywa. Mtungi ndo ulituokoa. Mtungi wa udongo unatoa jasho, maji yanapenya polepole yanafika nje, upepo ukiyapiga yanakauka na yakikauka yanaondoka na joto la maji yaliyobaki ndani, kwa hiyo lazima uwe kivulini penye upepo, ukiuweka jikoni kwenye joto la moto haufanyi kazi. Usimimine sharubati yenyewe ndani ya mtungi, uchachu unaingia kwenye vitundu vya udongo na hautoki tena, wewe weka maji alafu ile sharubati itie kwenye chupa iliyofungwa vizuri uitumbukize humo. Na kabla ya kutia maji ufukize mtungi kwa ubani, uinamishe juu ya chetezo moshi uingie, maji yake utayapenda mpaka sharubati utaisahau. Mpaka leo umeme upo lakini mtungi wangu uko ukumbini na wajukuu wa jirani wanakuja kuomba maji ya humo.

Kabla sijaingia kwenye baridi niseme la masika, mana masika si joto si baridi lakini ndo wakati wa hatari. Visima vinaingia maji machafu, na kipindupindu kimeshatupiga visiwani si mara moja, na imeshafika mpaka kukatazwa kuuza juisi barabarani. Jamani chemsheni maji usiku, yafunikeni, yapoe, asubuhi ndo mtengenezee juisi. Na barafu pia iwe ya maji yaliyochemshwa, mtu anachemsha maji ya juisi vizuri alafu anatia barafu ya mfuko wa dukani ambayo hajui maji yake yametoka wapi, kazi yote imekwenda bure.

Haya sasa kipupwe. Chai ya viungo inataka subira. Mdalasini, pilipili manga, iliki, karafuu, hivi ni vitu vikavu na vigumu, ladha yake imejificha ndani ya mafuta yake, havitoi kitu kwa maji ya moto ya dakika mbili. Unaviponda kidogo kwenye kinu visiwe unga, unavitia kwenye maji yakiwa baridi bado, unaweka juu ya moto mdogo na kifuniko, unaviacha mpaka maji yapungue na nyumba nzima inukie. Mchaichai hautiwi mwanzo, ule ni jani, unaukunja unaufunga fundo unautia mwishoni pamoja na majani ya chai alafu unafunika na kuzima moto. Ukiuchemsha muda mrefu harufu yake yote inakwenda na mvuke. Sisi watu wa Pemba tunajulikana kwa karafuu na watu wanadhani tunazijaza birika, hapana, mbili au tatu zinatosha birika zima, ukizidisha ulimi unakufa ganzi, mana ni mafuta yale yale yanayotiwa kwenye jino linalouma.

Na wale wanaolalamika kwamba chai yao ya maziwa ikitiwa tangawizi inakatika, sababu ni kuwa tangawizi mbichi ina kitu ndani yake kinachogandisha maziwa, na kitu hicho kinakufa kwa moto. Kwa hiyo tangawizi ichemke kwanza na maji peke yake, ichemke vizuri hasa, ndo maziwa yaje. Ukifata hivo haikatiki.

Kahawa ni ya barazani, wenye madele, yani birika za kahawa, watajibu wenyewe. Mimi kipupwe kikikaza napika uji wa pilipili manga, ambao wengi wanaujua kuwa ni wa mzazi, anapewa mwanamke aliyejifungua ili apate joto na nguvu, lakini hakuna aliyesema wengine wasinywe. Unga wa mchele vijiko vitatu vya kulia vilivyojaa unaukoroga na maji baridi mpaka mabonge yote yaishe. Pembeni una lita moja ya tui jepesi linachemka na kijiti cha mdalasini na pilipili manga iliyotwangwa muda ule ule, kijiko kidogo kimoja kwa kuanzia, usitumie ya pakiti iliyokaa mwaka kabatini haina kitu tena. Unamimina ule unga taratibu huku unakoroga, mkono usisimame, moto mdogo, mpaka uji uwe mzito wa kunyweka kwenye kikombe na ladha ya unga mbichi iishe. Tui zito linakuja mwisho na likishaingia usiliache lichemke kwa nguvu litakatika, kisha sukari na kipande cha samli juu. Kunywa ukiwa wa moto, utasikia ile pilipili inashuka kifuani na jasho linatoka usoni, na mimi nikilala usiku ule sikohoi.

Kuna kitu kimoja nimekiona miaka hii nacho ni Ramadhani inavyobadilisha meza. Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo haikai msimu mmoja. Ile miaka ya 2014 mpaka 2016 ilituangukia Juni na Julai, kipupwe kabisa, na wakati wa futari mkono wa kwanza baada ya tende ulikuwa unakwenda kwenye uji wa moto. Skuhizi imehamia kaskazi, 2025 ilianza Machi, na sasa jagi la kwanza kumalizika ni la ukwaju, uji unabaki mpaka baada ya tarawehe. Wanangu wadogo wanadhani futari siku zote ni juisi ya baridi, nawaambia ngojeni, ikizunguka ikarudi kipupwe mtauona uji unavyogombewa. Ila ushauri wangu kwa wanaofunga kwenye joto hili, msianze na kitu cha barafu tupu tumbo likiwa wazi, tende na maji ya mtungi kwanza, sharubati baadae kidogo.

Mmeuliza mtu anayeanza afundishwe kipi. Mimi namwanzisha na ukwaju mana unapatikana mwaka mzima, bei si kubwa na hauhitaji chombo chochote cha umeme. Chukua robo kilo ya ukwaju mweusi mweusi unaonata, ule mkavu sana wa rangi ya udongo una ganda zaidi ya nyama. Roweka kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu nusu saa, fikicha, chuja, yale makapi yatie lita ya pili ufikiche tena uchuje juu ya ile ya kwanza. Twanga tangawizi ukubwa wa kidole gumba, ikamulie humo, tia chembe ya chumvi na iliki mbili zilizosagwa. Sukari anza na vijiko vinne vya kulia, koroga, onja, ngoja kidogo, onja tena ndo uamue kama unaengeza. Inakaa siku tatu kwenye friji. Ukitaka ya muda mrefu chuja ile nzito ya lita ya kwanza peke yake bila sukari, igandishe kwenye vibakuli vya barafu, na siku ukipata wageni wa ghafla unatoa vipande vitano sita unavitia kwenye jagi la maji, sukari kidogo, tayari.