Bakuli la Hagi linavuja: usilitie jiki

SWALI: Shikamoo fundi. Nilipokwenda Hagi, Japani, nilinunua bakuli la chai. Nikinywea matcha, ile chai ya kijani ya unga, kitako chake kinatota na mezani hubaki duara la maji. Ndani imejitokeza mistari ya kahawia, myembamba kama nywele. Kisigino nacho kina pengo. Jirani ananishauri niliroweke kwenye jiki, likikauka nilipake vanishi ndani. Je, nimeuziwa bovu?

JIBU: Marahaba. Hukuuziwa bovu. Pengo la kisiginoni alilikata mfinyanzi mwenyewe kabla ya kuchoma bakuli, na mabakuli mengi ya Hagi yanalo.

Linaloniudhi ni hiyo jiki, maana kila mwezi naulizwa hilo hilo. Udongo wa Hagi una mchanga mwingi, haukazi motoni kama kaure. Utando wa kioo ulio juu yake husinyaa kuliko udongo wenyewe tanuri linapopoa, ndipo zinapotokea nyufa hizo unazoziona kama mistari. Chai hupenya humo, huacha rangi, na kadiri unavyolitumia ndivyo vinyweleo vinavyojiziba. Kwao husemwa Hagi hubadilika mara saba. Rangi unayotaka kuitoa, wenzako wanaisubiri miaka. Vyombo hivi vilianzishwa na wafinyanzi kutoka Korea chini ya mtawala Mōri Terumoto, aliyehamia Hagi mwaka 1604, na uzuri wake umekaa papo hapo kwenye kubadilika.

Niliwahi kuletewa bakuli lililolala kwenye jiki usiku kucha. Lilitoka jeupe, mwenyewe akafurahi. Baada ya majuma machache ukingo ukaota unga mweupe kama chumvi, na ukimimina maji ya moto harufu ya jiki inakupanda puani. Imeshanywewa na udongo, utaisuuza vipi? Vanishi nayo haikutengenezwa kukaa na maji ya moto utakayokunywa. Itabanduka, na utaimeza.

Kabla ya kutia chai, liroweke kwenye maji ya uvuguvugu, lishibe maji kwanza, chai isizame yote kwa mpigo. Ukimaliza, suuza kwa maji ya moto na vidole, bila sabuni. Lipanguse, kisha liinamishe penye hewa siku kadhaa kabla ya kulirudisha sandukuni. Likifungiwa na unyevu litaota ukungu. Kama linadondosha hasa, lichemshe taratibu kwenye maji ya kuoshea mchele, kuanzia maji baridi, na liache lipoe humo humo. Wanga utaziba. Usilitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo wala maikrowevu.

Na likivunjika siku moja, jihadhari na wanaouza "kintsugi ya nusu saa". Kintsugi ni ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo vilivyovunjika na kuipamba mishono kwa dhahabu. Nimefungua vifurushi vyao: ni gundi ya epoksi na unga wa rangi ya dhahabu. Kintsugi yenyewe ni urushi, utomvu wa mti, unaokauka kwa kukaa kwenye unyevu, tabaka baada ya tabaka, majuma hadi miezi; dhahabu hunyunyizwa mwisho kabisa. Urushi mbichi huwasha ngozi vibaya, kwa hiyo usijaribu bila glavu. Kama ni pambo la kabatini tu, gundi yao si neno. Bakuli la kunywea, muulize fundi ametumia nini, na akikwepa swali, funga vipande vyako kwenye kitambaa uondoke navyo.