Kabla hujachagua silanti, uliza gari linalala wapi

Kila kijana anayekuja kwetu kujifunza kazi ya kuosha na kung'arisha magari huuliza swali lile lile ndani ya wiki ya kwanza. Anasimama mbele ya rafu, anazitazama chupa za silanti, kisha anasema: "Kaka, ipi kali?" Simjibu mpaka aniambie mambo matatu kuhusu gari lililo mbele yake: linalala wapi, linaoshwa kwa maji gani, na nani analiosha siku ambazo haliji kwetu. Akishayajua hayo, kazi ya kuchagua imebaki ndogo. Asipoyajua, hata chupa ya bei kubwa kuliko zote itamwangusha mbele ya mteja.

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja, yote Dar es Salaam, kwa hiyo ninayoyaandika yamepimwa kwa jua la pwani, chumvi ya pwani na kunguru wa pwani. Kijana wa Arusha au Njombe atapunguza hapa na kuongeza pale.

Kwanza uijue silanti yenyewe, maana wengi wanaichanganya na polishi. Polishi inakata. Ina chembe za kusaga, na inachofanya ni kupunguza tabaka la juu la rangi ili mikwaruzo ipotee. Silanti haikati kitu. Ni utando wa polima zilizotengenezwa kiwandani, unaoshika juu ya klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi, ili maji, vumbi na uchafu viishie hapo visiifikie rangi. Nta ni kitu cha tatu. Ile inayosifiwa zaidi hutoka kwenye majani ya karnauba, mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Nta inatoa mng'ao wa kina, hasa kwenye gari jeusi au jekundu, lakini kwa jua letu na sabuni zetu haimalizi miezi miwili. Silanti nzuri watengenezaji huiandikia miezi sita. Mimi kwa gari linaloegeshwa nje hapa mjini nahesabu mitatu, minne ikizidi, na ndivyo ninavyomwambia mteja.

Ukikuta kopo limeandikwa kwamba linasafisha, linang'arisha na kulinda kwa mara moja, jua kwamba ndani mna chembe za kusaga pamoja na silanti kidogo. Si kitu kibaya kwa gari lililochoka la mteja mwenye haraka. Ila usilipake kila mwezi. Klia ya gari nyingi za kisasa ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Unachokisaga kimekwenda, hakirudi.

Sasa nikusimulie kosa lililonifunza zaidi ya mafunzo yote. Mwaka wangu wa pili, mama mmoja aliniletea Harrier nyeusi. Nikaiosha, nikaikausha, nikapaka silanti nzuri kabisa tuliyokuwa nayo. Jioni, chini ya taa, gari lilimeta mpaka majirani wakasogea kuangalia. Baada ya siku tisa akarudi mchana, akaliegesha juani, akashuka. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Njoo uangalie hapa." Nikainama kwenye boneti. Palikuwa na mamia ya viduara vyeupe, kila kimoja na ukingo wake, kama sehemu ambayo glasi za chai zimeachwa mezani usiku kucha. Nilipitisha kitambaa, havikutoka. Nikapitisha kucha, nikasikia ukingo.

Mama yule hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Nilipomuuliza nyumbani wanaoshea maji gani, akasema ya kisima, na kwamba kijana wao huliosha asubuhi kisha analiacha likauke lenyewe. Maji ya visima vingi vya ukanda wetu yana chumvi na chokaa. Tone likikauka juani, maji yanaondoka na madini yanabaki, yanashika, na joto likiendelea yanaanza kuila klia. Alama nyingi zilikuwapo hata kabla sijaligusa gari. Nilizifungia ndani. Silanti hukamata kila ilichokikuta juu ya rangi, kiwe kizuri au kibaya, na mimi nilikuwa nimekagua gari kivulini tu.

Nilirudia kazi ile siku mbili bila malipo. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, nikailoweka kwenye kitambaa, nikailaza juu ya alama kwa dakika moja hivi, nikasuuza. Zile changa ziliachia. Zilizokuwa zimeshachimba zilihitaji mashine na polishi, na nyingine nne juu ya paa niliziacha kwa sababu kuzifuata hadi mwisho kungemaliza klia. Nilimwonyesha kwa kidole zilipo, moja moja.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kuchagua silanti inafanyika kabla ya kufungua chupa. Osha kwa sabuni ya magari, ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia sponji. Sabuni ya unga waachie wafuaji. Kisha vaa nailoni nyembamba mkononi na uipitishe taratibu juu ya boneti iliyolowa. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini ile nailoni inayofungia mkate inatosha.) Kupitia nailoni vidole vinasikia mambo ambayo kiganja kitupu hakisikii. Ukisikia kama unapapasa msasa, hapo pana vumbi la breki, matone ya rangi kutoka gereji ya jirani, utomvu wa mwembe. Chukua klei, ule udongo wa kusafishia rangi, ulowanishe vizuri na upitishe bila kukandamiza mpaka uso uwe kama kioo. Ukidondoka chini, utupe. Najua unauma bei, lakini punje moja ya mchanga ndani yake itakuchorea mlango mzima. Mwisho futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yatoke. Hapa ndipo utakapouona ukweli, maana kuna polishi zinazojaza mikwaruzo kwa mafuta badala ya kuiondoa. Spiriti inayafunua yote. Bora uyaone wewe leo kuliko mteja wiki ijayo.

Gari likiwa safi hivyo, rudi kwenye yale maswali matatu.

Linalala wapi? Linalolala ndani ya gereji na kutoka Jumapili, mpakie nta kama mwenyewe anapenda ule mng'ao wa joto. Ana muda wa kuirudia. Linaloegeshwa kazini chini ya jua kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja linataka silanti ya polima, hakuna mjadala. Linalolala chini ya mti lina shida zaidi ya moja. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima, kinyesi chao kina asidi, na kwenye boneti yenye moto saa chache zinatosha kuacha alama ya kudumu. Usimwahidi mteja kwamba silanti itazuia hilo. Mwambie itampa muda: badala ya kukimbia, anaweza kufika nyumbani, akalowesha kwa maji, akasubiri kilainike, akakiondoa bila kusugua. Watu wa Kigamboni na Kunduchi wanaopigwa na upepo wa bahari, wapakie mara mbili, tabaka la pili baada ya lile la kwanza kukomaa. La pili si la kuongeza unene. Linaziba mahali ulipopitiwa mara ya kwanza.

Linaoshwa kwa maji gani? Hili watu hawaulizi, nami ndilo ninaloliuliza kwa sauti kubwa kuliko yote. Wengi wanapenda silanti inayofanya maji yasimame kama shanga. Ni nzuri kwenye picha. Lakini kwa gari linaloogeshwa maji ya kisima na kuachwa likauke, kila shanga ni tone la chumvi linalongoja jua. Mteja wa namna hiyo namchagulia silanti ambayo maji yake yanateremka kama shuka, hayasimami sana. Utaijua kwa kuijaribu, chupa haikwambii. Pia namuuzia kitambaa cha kukaushia na kumwelekeza yule anayeosha nyumbani. Dakika tano za kumfundisha kijana wa nyumbani zinaokoa silanti kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye kopo.

Swali la nani analiosha linajibiwa mara nyingi na macho yako. Ukiona mikwaruzo kama utando wa buibui imezunguka taa ikimulika, gari hilo linasuguliwa na tambara moja kutoka matairi hadi paa. Lipe silanti rahisi, ya kupulizia hata, irudiwe kila mwezi. Kumuuzia mwenye gari hilo kitu cha bei mbaya ni kumla hela yake.

Watakuuliza kuhusu seramiki, utando mwingine wa kulinda rangi, lazima. Seramiki ni kitu cha kweli: inatumia madini ya silika, inashikana na klia kwa nguvu kuliko silanti, na ikipakwa vizuri inakaa miaka. Nasikitika ninapoona inavyouzwa. Ile "9H" iliyoandikwa kwenye boksi inatokana na kipimo cha penseli: wanakwaruza uso kwa penseli za ugumu tofauti kuona ipi itaacha alama. Si ugumu wa almasi, wala haizuii jiwe la barabarani au funguo ya mtoto. Tena maji ya chumvi yanaacha alama juu yake vile vile. Kwa wewe unayeanza, hatari ni nyingine. Silanti ukiikosea unaifuta na kurudia kesho. Seramiki ukiichelewesha kufuta inaganda na kuacha mawingu, na kuitoa ni polishi tena, yaani klia inapungua kwa sababu ya kosa lako. Subiri. Paka silanti magari hamsini kwanza.

Namna ya kupaka sina maneno mengi, ila haya yashike. Kivulini, bodi ikiwa ya baridi; weka mgongo wa mkono kwenye boneti, kama huwezi kuuacha hapo, ngoja. Mimi naanza saa moja asubuhi. Gari dogo zima linataka kijiko kimoja au viwili vya chakula, basi. Wanaoanza wanamimina kama mafuta ya nywele, kisha wanahangaika saa mbili kufuta michirizi. Paka kidogo mpaka uone ukungu mwepesi tu. Halafu pitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, futa, kikiacha mchirizi wa mafuta, bado. Siku za masika, hewa ikiwa nzito, hiyo ngoja ngoja inaweza kuwa mara mbili ya iliyoandikwa kwenye chupa. Baada ya hapo gari lisiguswe na maji hadi siku nzima ipite, au muda wowote ambao mtengenezaji ameuandika.

Kitambaa kikitoka na rangi ya gari lenyewe, simama. Gari hilo halina klia, kama ilivyo kwa magari mengi ya zamani. Silanti inafaa, lakini isiwe na chembe za kusaga. Na gari lililotoka kupigwa rangi gereji za mtaani, ambazo hazina tanuri, usilifunge mapema. Tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inaendelea kutoka ndani ya rangi kwa wiki kadhaa. Mimi nangoja siku sitini. Halafu, kama mnafanya kazi uwanja mmoja na fundi rangi, muulize kabla ya kupuliza chochote chenye silikoni. Chembe zake zikifika kwenye bodi aliyoiandaa, rangi inakimbia na kuacha vishimo wanavyoviita macho ya samaki, naye atarudia msasa kuanzia mwanzo. Tulishagombana na fundi mmoja kwa hilo, na haki ilikuwa yake.

Bidhaa mpya usiianzie kwa mteja. Tafuta boneti kuukuu, igawanye mara tatu kwa tepu ya karatasi, sehemu moja iache tupu, mbili zipake silanti tofauti. Iache juani, ioshe kila wiki kwa maji yale yale ya uwanjani kwenu, na uandike kwenye daftari siku ambayo maji yameacha kukimbia. Nina daftari la namna hiyo, kurasa zake zimegandana kwa povu, na ndilo ninalolifungua mteja akiniuliza itakaa muda gani.

Mama mwenye Harrier anakuja hadi leo. Mwezi Machi uliopita, kabla mvua hazijashika, alipiga simu kwanza. "Mwanangu, tumehamia Goba. Huku kuna paa la kuegeshea, na maji ni ya bomba. Bado unipake ile ile?"

Nikamwambia alilete, safari hii tutajaribu nta.