Usiite kila doa ukungu

Jumapili iliyopita, natoka ibadani, nikapokea ujumbe wa kijana mmoja wa Ruaha Mbuyuni. "Kamwene dada. Nyanya zangu zimekuwa kama zimebabuliwa na moto. Dawa ya ukungu nimeshapiga mara tatu. Nipige ipi tena?" Chini yake picha moja iliyopigwa kutoka mbali, shamba zima rangi ya kahawia.

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikausoma mara mbili. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, Septemba 2019, nimesimama kwenye kaunta ya duka la pembejeo na jani moja nimelifunga kwenye kipande cha gazeti.

Mwaka ule nililima nusu eka ya nyanya kwenye kinyungu cha marehemu baba, yaani bustani ya bonde lenye unyevu, huku Ilula, Iringa. Pesa ilikuwa ya kikoba, na nilikuwa nimeahidi kwamba ada ya chuo ya mdogo wangu itatoka humo humo. Nyanya zilisimama vizuri mpaka zikaanza kuweka matunda. Ndipo mistari ya pembeni, ile inayopakana na barabara ya vumbi, ikaanza kufifia. Majani yalitoka vidoa vidogo vyeupe, kama mtu ameyapepetea unga wa dona, kisha yakageuka rangi ya shaba, kisha yakakauka.

Nikaita ukungu. Muuzaji naye akaita ukungu, gazeti hakulifunua. Nikapiga dawa ya ukungu. Baada ya wiki nikarudi, nikapewa nyingine iliyosemwa kuwa kali zaidi. Wiki ya tatu nikaambiwa, "Basi hao ni wadudu," nikauziwa dawa ya wadudu ya kundi la pairethroidi, solo nane (solo ni lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa), na kijana wa kupiga nikamlipa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Ndani ya siku kumi ugonjwa ulitoka pembeni ukafika katikati ya shamba, na ncha za mimea zikavikwa utando mwembamba kama wa buibui. Nilikuwa nimepiga hesabu ya matenga 150. Nilivuna 11.

Kwenye kikao cha ukoo mwezi wa kumi, shemeji yangu mmoja alisema mbele ya watu kwamba nyanya ni kilimo cha wanaume. Sikumjibu. Mpaka leo nikipita kwake nayasikia maneno yale.

Aliyenipa jina la tatizo langu ni bibi shamba aliyehamia kata yetu Novemba, nyanya karibu zote zikiwa zimeshakufa. Hakuuliza nimepiga dawa gani. Aliomba karatasi ya daftari, akaiweka chini ya tawi lililobaki na ubichi kidogo, akaligonga kwa vidole mara tatu. Karatasi ikajaa vinukta. Tukasubiri. Vinukta vikaanza kutembea. Akavisugua kwa kidole, vikaacha michirizi myekundu.

Utitiri mwekundu. Nilishtuka aliponiambia kuwa huyo hata si mdudu. Wadudu wana miguu sita, utitiri ana minane, ni ndugu wa buibui na kupe. Dawa nyingi za ukungu hazimgusi, na dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu. Ile ya pairethroidi iliwaua viumbe wadogo waliokuwa wakimla, ikamwacha yeye peke yake kwenye shamba lenye joto na vumbi, hali anayoipenda kuliko zote. Kwenye joto kama lile yai linaweza kuwa utitiri mzima anayetaga kabla ya wiki mbili kwisha. Kwa kweli nilikuwa ninamfuga kwa pesa ya mkopo.

Ndugu zangu wakulima, neno hili "ukungu" limetuponza. Ule unaolala juu ya milima yetu asubuhi ni ukungu. Unga mweupe juu ya jani la tango ni ukungu. Blaiti, ule ugonjwa unaobabua majani ya nyanya, ni ukungu, jani likikauka ni ukungu, tunda likiwa jeusi ni ukungu. Tunafika dukani na neno moja lililobeba magonjwa kumi, na dukani kuna rafu nzima iliyoandikwa dawa ya ukungu. Muuzaji atakuuzia ulichokitaja. Mimi sasa nimejikataza kulitamka neno hilo kabla sijapiga magoti shambani na kugeuza jani.

Kugeuza jani ndiyo kazi yenyewe. Chukua matango, ambayo wengi mnayalima siku hizi. Kuna ubwiri unga, na kuna ubwiri vinyoya. Wa kwanza unakaa juu ya jani, mweupe kama unga wa sembe, ukiupitisha kidole unatoka, na hauhitaji jani lililolowa, hata siku kavu unaenea. Wa pili unaonyesha madoa ya njano upande wa juu, yenye kona kona kwa sababu mishipa ya jani inayazuia, na ukigeuza jani asubuhi na mapema, umande ukiwapo, unakuta vinyoya vya kijivu au zambarau chini yake. Salfa inasaidia kwa ubwiri unga. Kwa ubwiri vinyoya umemwaga salfa yako bure, kwa sababu kiumbe anayeuleta si kuvu kamili. Na kuna maboga ambayo majani yake yana mabaka ya rangi ya fedha tangu yalipoumbwa. Jirani yangu aliyapulizia dawa msimu mzima. Pitisha kidole: kama rangi haitoki na jani limenawiri, hiyo ni sura yake, liache.

Nyanya nayo ina mitego yake. Kantangaze, nondo ambaye funza wake hula jani kwa ndani, alipoingia nchini, mwaka 2014, wengi tulidhani ni blaiti, maana kwa mbali majani yanakauka vile vile. Liinue jani ulielekeze kwenye jua. Kama kuna funza, ndani utaona chumba kitupu kati ya ngozi mbili za jani, na vinyesi vyeusi, pengine na mwenyewe akiwa humo. Blaiti haina chumba. Mmea ukinyauka mchana wakati udongo una maji, usiongeze maji. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa, usubiri dakika chache. Yakitoka machirizi meupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya. Ng'oa, usitupe kwenye mfereji, na sehemu hiyo usirudishe nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili. Tunda likioza kitako, doa jeusi lililobonyea, angalia umwagiliaji wako kabla ya kitu kingine: maji ya leo mengi, kesho hakuna, basi kalisiamu haifiki kwenye tunda.

Hili la solo nalisema kila mwaka na nitaendelea kulisema. Majani yakijikunja tunapiga kelele kwamba ni rasta, tunang'oa. Rasta inayoletwa na inzi weupe hukunja majani kwenda juu, kingo zinakuwa njano, na mmea unadumaa. Lakini kama majani yamekuwa membamba, yamesokotwa, shina limepinda, na imetokea siku chache tu baada ya kupiga dawa, jiulize hilo solo lilipiga nini mara ya mwisho. Kama ni dawa ya magugu ya kwenye mahindi, umepata jibu. Mimi nina solo mbili, moja nimeifunga kitambaa chekundu, na kijana asiyeheshimu kitambaa hicho hafanyi kazi kwangu.

Kuna wanaoniandikia kwamba hawana muda wa kukagua. Nusu eka naizunguka kwa dakika ishirini, mara mbili kwa wiki, naanzia pembeni kwa sababu utitiri huanzia pembeni. Tulikuwa na muda wa kupiga solo nane za kitu kisichofaa, tukavuta ile sumu, tukapeleka mabaki yake kwa walaji Dar es Salaam. Tusijidanganye kwamba muda haupo. Tunaogopa kusimama mbele ya mmea unaokufa bila kushika chochote mkononi. Hofu hiyo naijua, ndiyo iliyokula mkopo wangu.

Msimu huu, kinyungu kile kile, nimetoa matenga 137. Utitiri walikuja tena, mwezi wa nane. Niliwaona kwenye karatasi wakiwa kwenye mashina sita tu, katika mistari miwili. Nikaondoa majani yaliyoshambuliwa, nikapiga dawa ya utitiri yenye abamektini kwenye mistari ile miwili, nikielekeza nozeli chini ya jani, nikarudia baada ya siku saba kwa ajili ya walioanguliwa kwenye mayai, nikahesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma kama kibandiko kilivyosema. Shemeji yangu ameyaona matenga yakipakiwa barabarani.

Yule kijana nilimjibu hapo hapo kwenye ngazi: "Mdogo wangu, usinunue kitu leo. Tafuta karatasi nyeupe." Saa kumi jioni akanitumia video. Karatasi ya daftari, kidole chake, vinukta vikikimbia, na sauti yake ikirudia, "Dada, vinatembea, vinatembea." Nikamwomba azunguke shamba lote anieleze ubichi umebaki wapi. Amesema mistari minne, ile ya karibu na mfereji. Tunaanza na hiyo.