Fulana zangu zililainika nilipoacha maji ya ziwa

Juzi dada mmoja wa Bukavu ameniandikia: "Yaya, nimetia ile dawa ya kulainisha pamba, fulana zimetoka na manyoya yaleyale. Je, nimeuziwa uongo?"

Hapana, dada. Mimi nilimwaga kopo zima kabla ya kuelewa, na mpaka leo linaniuma.

Nashona fulana hapa Goma. Pamba mpya ina vinyuzi vinavyochomoza juu ya kitambaa. Ukifua mara chache vinajisokota kuwa vidonge, na nguo inazeeka kabla mwenyewe hajaizoea. Dawa ile ni kimeng'enya kiitwacho selulasi: kinakata selulozi, ambayo ndiyo mwili wenyewe wa pamba, na kinaanzia kwenye zile ncha za nje. Ukisugua au kukoroga, ncha zinakatika. Bila kukoroga unapoteza makaa yako bure.

Dawa yangu ilikuwa ya aina ya asidi: inataka pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka chini ya 7 ni asidi, ikipanda juu yake ni magadi) ya karibu 5 na joto la nyuzi 50 hivi. Mimi nilikuwa nachota ziwani, kama nusu ya mtaa wetu. Ziwa Kivu lina magadi, pH ya maji yake ya juu inakaribia 9! Nikatia siki kijiko baada ya kijiko, magadi yakaimeza. Siku nilipokinga maji ya mvua kwenye mabati, siki kidogo ilitosha, na karatasi ya kupimia asidi ikabadilika rangi mbele ya macho yangu. Nililia, wallahi. Kwa hiyo pima maji kwanza.

Halafu kikaja kiburi. Kwaya moja iliniagiza fulana 40. Zilitoka laini kama shavu la mtoto. Giza likaingia, nimechoka, nikaziacha ndani ya pipa mpaka asubuhi. Nikasuuza kwa maji baridi, nikapiga pasi, nikapeleka. Wiki chache baadaye msimamizi wao alirudi na mfuko: kwapani matundu, mishono imeachia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, tulikuamini." Nililipa zote, na kwaya ile haijarudi kwangu.

Kimeng'enya hakijui kazi imekwisha. Kikimaliza manyoya kinaendelea na uzi wenyewe. Dakika 45 zinanitosha, kisha napandisha maji mpaka nyuzi 80 juu ya mbabula, jiko langu la makaa, na kuyashikilia hapo dakika 10. Joto hilo linakiua. Ninyi mnaotaka jina kubwa mjini, acheni kuona uvivu kukoleza moto mara ya pili! Mteja hataona ulivyochoka, ataona tundu.

Sasa napima kitambaa kikiwa kikavu, kabla na baada. Kikipungua gramu 3 hadi 5 kwa kila 100, nimefurahi. Kikizidi hapo, nimekula nguvu ya nguo ya mtu. Na jamani, pima maji.

Kama dawa ni ya unga, funika pua na mdomo unapoipima, vumbi lake linaweza kukuletea pumu.

Dada wa Bukavu, kama ulichota ziwani, ziwa ni lilelile. Ila nitumie pia picha ya kile kitambaa kidogo cha ndani ya kola. Kama kimeandikwa nusu ni polista, ule uzi wa kiwandani usio pamba, upande huo selulasi haiugusi, hata ukitumia maji ya mvua.